Mpira wa Vyuo na Haki ya Kuuona

Yapo malalamiko yasemwayo sana katika baraza za wasomi wetu, nayo ni haya: kwamba vijana wa siku hizi, mjini na shamba, wametekwa na mpira wa Ulaya. Yasemwa kuwa mkulima wa korosho wa Namasakata aweza kutaja wachezaji 11 wa Arsenal pasipo kusita, lakini akiulizwa jina la diwani wake hukuna kichwa; kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu hukesha na simu mkononi akitazama mchezo uchezwao Madrid, na asubuhi husinzia katika mhadhara. Walalamikao hutia na maneno mazito: utumwa wa akili, ukoloni mamboleo, kupotea kwa utu. Kisha hunywa chai yao, wakaenda zao.

Mimi nakana kwamba kosa ni la mtazamaji. Mtu hutazama kile alichoonyeshwa. Arsenal imefika Namasakata kwa sababu wenye Arsenal walitaka ifike: waliweka kamera, wakatumia setelaiti, wakaajiri watangazaji, wakauza kwa bei ambayo hata kibanda cha mabati kimeweza kuilipa. Vyuo vyetu vina timu, vina viwanja, vina mashindano ya kila mwaka, tena vina wataalamu wa kompyuta waliosomeshwa kwa fedha za umma. Lakini mpira wa vyuo haufiki Namasakata, wala Songea mjini haufiki, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuufikisha. Mara moja moja mwanafunzi mmoja huinua simu yake kando ya uwanja akarusha mtandaoni dakika chache zenye kutikisika, mpaka bando limwishie. Hiyo ni bahati, si mpango. Kumlaumu mtu wa kijijini kwa kutazama cha mbali, na hali cha karibu amefichwa, ni kumlaumu mwenye njaa kwa kula kwa jirani wakati chungu cha nyumbani kimefunikwa na wenye kukifunika ndio wanaolaumu.

Yafaa kwanza tuijue Namasakata yenyewe. Iko upande wa Tunduru katika mkoa wa Ruvuma, nchi ambayo watu wa mbali huiita yote kwa jina moja la Songea. Ni nchi ya korosho, na kusini yake mto Ruvuma waigawa Tanzania na Msumbiji. Kwenda Dar es Salaam kutoka huko ni safari ya kutwa nzima au zaidi, na kwa nauli ambayo mzazi wa kawaida haitoi ila kwa msiba au ugonjwa. Kijana wa huko akipata nafasi katika chuo kikuu, ukoo mzima umepata nafasi: huuzwa korosho, huuzwa mbuzi, hukopwa kwa ndugu, hujazwa karatasi za Bodi ya Mikopo zenye kutaka saini ya huyu na muhuri wa yule. Siku ya kuondoka husindikizwa mpaka kituo cha basi. Baada ya hapo hawamwoni tena ila katika likizo, na kazi aifanyayo huko ni kama kazi ya gizani. Insha zake mama yake hawezi kuzisoma, maana zimeandikwa kwa Kiingereza. Maabara yake haitembelewi. Katika mambo yote ya chuo kikuu liko moja tu ambalo mzazi huyu aweza kulielewa sawasawa na profesa, na pengine akamshinda profesa, nalo ni mpira wa miguu. Jambo hilo moja ndilo tulilolifungia ndani ya ukuta.

Fikiri mama huyo akimwona mwanawe kwa macho yake, amevaa jezi ya chuo, mgongoni ana namba, anakimbia katika uwanja wa Dodoma au wa Morogoro, na mtangazaji akilitaja jina lake pamoja na jina la kijiji chake. Siku hiyo chuo kikuu kitakuwa kitu kwake. Tunaandika mipango na maazimio marefu juu ya chuo kikuu kuwa karibu na wananchi. Tunaalika wageni, tunapiga picha. Na njia iliyo fupi kuliko zote tumeiacha iote nyasi.

Mahali pa kutazamia papo tayari. Katika vijiji vyetu kipo kibanda cha kuonyeshea mpira, kile ambacho watu wenyewe wamekiita kibanda umiza. Jina hilo lina mzaha wenye uchungu: watu hukaa wamebanana juu ya mabenchi, joto la mabati likiwashukia vichwani, na mwisho wa yote huenda timu yako ikafungwa, nawe umelipa shilingi zako 500. Wasomi wamekidharau kibanda hiki. Hukitaja pamoja na ulevi na uzururaji. Mimi nakihesabu kuwa miongoni mwa mabaraza machache yaliyobaki ambamo mwalimu, mkulima, mwendesha bodaboda na mzee mstaafu huketi benchi moja, wakabishana kwa hoja, na mwenye hoja dhaifu akachekwa bila kutazamwa cheo. Sidhani kama kamati zetu nyingi zingeweza kujisifu hivyo.

Watu hunena pia kwamba intaneti ni ghali, kwa hiyo mpira wa kutazamwa mtandaoni si mpira wa maskini. Ni kweli kwamba ni ghali. Lakini hesabu yake haikupigwa vema. Picha za video zikikazwa ziwe nyembamba, kiasi cha biti 500,000 kwa sekunde, mchezo wa dakika 90 hula megabaiti zipatazo 340. Picha hiyo haitakuwa safi: mpira utaonekana kama punje ya mtama, lakini rangi za jezi zitatambulika na bao halitapotea. Megabaiti 340 kwa mtu mmoja mmoja ni mzigo. Kwa kibanda kimoja chenye watu 50, ambao kila mmoja amelipa shilingi 500, makusanyo ni shilingi 25,000, na bando la mchezo mmoja ni sehemu ndogo ya hizo. Na mahali ambapo mnara wa simu ni dhaifu, sauti peke yake, kwa biti 64,000 kwa sekunde, itakula megabaiti 43 tu katika dakika hizo 90. Hata asiye na cha kulipa mchana aweza kusubiri usiku, saa ambazo bando huwa nafuu, akapakua mchezo uliokwisha chezwa. Kumbe ugumu uko wapi? Si katika hesabu.

Hapo nimetaja sauti, nami sitaki kuipita upesi, kwa kuwa ndiyo sehemu ya jambo hili inayotuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wengine wote.

Kabla ya televisheni kuenea Tanzania Bara katika miaka ya 1990, taifa hili liliutazama mpira kwa masikio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na watangazaji ambao sauti zao zilijulikana kuliko sura za mawaziri. Wazee wetu wamkumbuka Ahmed Jongo, na wa rika la baadaye wamkumbuka marehemu Charles Hilary, aliyefariki mwaka 2025. Mtangazaji wa redio hakuwa na picha ya kumsaidia. Alitakiwa aujenge uwanja ndani ya kichwa cha msikilizaji aliyeko mamia ya kilomita, aseme mpira uko upande gani, nani anao, nani anamfuata, jua liko wapi, na mashabiki wamesimama au wameketi. Na ayaseme hayo yote wakati yanatendeka, bila rasimu wala kufuta. Mtunzi wa shairi huweza kulala na ubeti wake siku tatu. Huyu hakupewa hata sekunde tatu. Ikiwa hiyo si sanaa ya lugha, basi sijui tunafundisha nini.

Tena tazama maneno waliyotuachia, wao pamoja na wachezaji wa mitaani. Kosa la mshambuliaji anayejitanguliza nyuma ya mabeki liliitwa kuotea, neno la mwindaji avizaye mnyama njiani. Nani angelipata lililo bora zaidi ofisini? Mpira uliorushwa juu ya kichwa cha adui ukamshukia nyuma uliitwa kanzu, kwa kuwa mtu huvalia kanzu kichwani. Uliopita baina ya miguu yake ni tobo. Yako kandanda, kabumbu, gozi, dimba, mkwaju, chenga, mlinda mlango, kiungo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, nalo limefanya kazi kubwa ya istilahi. Hata hivyo zipo istilahi nyingi za kamati zilizokufa siku ya kuzaliwa, lakini kanzu na tobo hayakuhitaji semina. Yalitamkwa mbele ya watu waliokuwa na haja nayo, yakashika. Hata neno mubashara, ambalo asili yake ni Kiarabu nasi leo twalitumia kwa kila kitu kirushwacho kama kinavyotendeka, limekaa vinywani mwa watu kwa nguvu ya watangazaji kuliko ya kamusi.

Sasa chuo kikuu. Nje ya idara za Kiswahili, mihadhara ni kwa Kiingereza, mitihani ni kwa Kiingereza, tasnifu ni kwa Kiingereza, na barua ya kumwonya mwanafunzi aliyechelewa kulipa ada huandikwa kwa Kiingereza. Uwanja wa mpira ni mahali pa pekee, katika eneo lote la chuo, ambapo Kiswahili chatawala bila kuomba ruhusa: kocha hufoka kwa Kiswahili, refa hujitetea kwa Kiswahili, mashabiki huimba na kutukana kwa Kiswahili. Vyuo vikionyesha michezo yao kwa kila mwenye simu, vitakuwa vimetoa kwa umma, wiki baada ya wiki, mazungumzo marefu ya Kiswahili kizima, yenye wasimulizi waliosomea lugha na wasikilizaji wenye uchu wa kusikia. Idara zetu husema hazina mahali pa kuwafanyisha wanafunzi mazoezi ya fasihi simulizi iliyo hai. Kila Jumamosi mahali hapo pana watu, na idara imefunga mlango imekwenda nyumbani.

Chombo nacho kipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina redio na televisheni zake zenye jina la Mlimani. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino huko Mwanza kina redio yake. Vyuo kadha wa kadha hufundisha uandishi wa habari, na wanafunzi wao hutafuta pa kujifunzia kushika kamera. Kuhusu sheria, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, na zile za mwaka 2020 zilizochukua nafasi yake, zilidai leseni. Chuo chenye shule ya sheria hakitashindwa kujaza fomu.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni kwamba hakuna atakayetazama. Mpira wa wanafunzi, husemwa, ni wa kiwango cha chini. Watu wamekwisha onja asali, hawatarudi kwenye miwa. Hoja hii ilikwisha semwa juu ya ligi yetu kuu. Miaka ile ambayo michezo ya ligi ilionyeshwa kwa nadra katika televisheni, wengi waliapa kwamba mtu aliyezoea Uingereza hawezi kukaa akautazama mchezo wa nyumbani. Mwaka 2013 Azam TV ilianzishwa, ikaanza kuonyesha ligi hiyo kwa mpango, kwa kamera nyingi na kwa Kiswahili. Na mwezi Mei 2021 kampuni hiyo ilitia saini mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Mpira wa Miguu, wa shilingi bilioni 225.6. Ingia leo katika kibanda siku Simba na Yanga wanapokutana, uone kama utapata pa kuweka mguu. Watu ni wale wale, mabenchi ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba walionyeshwa.

Majirani nao hawakungoja. Waganda wana ligi ya soka ya vyuo vikuu ambayo imewahi kurushwa na televisheni, na viwanja vyake hujaa wanafunzi. Afrika ya Kusini ilianzisha mashindano ya raga ya vyuo mwaka 2008, yakaonyeshwa katika televisheni nchi nzima, na mengine ya mpira wa miguu yakafuata mwaka 2013. Sisi, mwaka 2021, tulikusanya wanafunzi wa shule za nchi nzima katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA huko Mtwara, jirani kabisa na Ruvuma. Na wazazi wa Tunduru, ambao kwao Mtwara ni kama uani, walibaki kuuliza matokeo kwa simu.

Kuna na waogopao kwamba mchezo ukionyeshwa mtandaoni uwanja utabaki mtupu. Hofu hii si ngeni, na waliokuwa nayo zamani walikuwa wakubwa kuliko sisi. Marekani ndiyo nchi iliyoukuza mpira wa vyuo kupita zote, ingawa mpira wao si huu wetu bali ni ule wa kushikwa mikononi, wa kofia ngumu na mabega ya kubandika. Mwaka 1951 chama cha michezo ya vyuo vyao, NCAA, kiliogopa televisheni, kikaweka mpaka wa michezo itakayoonyeshwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilitaka kuendelea kuonyesha michezo yake, kikatishwa mpaka kikanyamaza. Amri hiyo iliendelea zaidi ya miaka 30, hata mwaka 1984 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoivunja, kwa majaji 7 dhidi ya 2, katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia. Tangu hapo michezo ilimwagika kama mvua, kwanza katika televisheni, kisha mtandaoni. Je, viwanja vilikuwa vitupu? Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi za watu zaidi ya 107,000, nao haukugeuka ghala.

Lakini nimewataja Wamarekani si kwa kuwasifu. Wameuonyesha mpira wao, kisha wakauuza, kisha mnunuzi akawa mwenye nyumba. Mwaka 2024 vyuo viwili vya Los Angeles, UCLA na USC, viliacha ligi ya majirani zao wa pwani ya magharibi vikaingia katika ligi iitwayo Big Ten, ambayo wenzao wa huko wafika hadi New Jersey, zaidi ya kilomita 3,800. Na sababu kubwa ilikuwa fedha za televisheni. Ligi waliyoiacha, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 100, ilikimbiwa na vyuo 10 kati ya 12 vilivyokuwamo. Mwanafunzi hupanda ndege kuvuka bara zima ili acheze, arudi, afanye mtihani. Saa ya kuanza mchezo haichaguliwi na chuo. Ndiyo maana nasema na wale wa upande wa pili, ambao wakisikia neno kuonyesha masikio yao husikia neno kuuza, na kabla kamera haijanunuliwa wamekwisha kutafuta mdhamini.

Mdhamini wa kwanza atakayebisha hodi tunamjua. Ni mwenye kamari. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa iliingia mkataba na Simba na Yanga, na tangu wakati ule jezi za mpira wetu zimezoea majina ya wachezeshaji wa bahati. Kijana wa chuo ambaye fedha yake ya kujikimu huisha kabla ya mwezi, kwa kuwa ametandika mkeka wa kubashiri mechi kumi na moja ikamwangusha, hahitaji kuwekewa mkeka juu ya mchezo wa rafiki aliyelala naye bweni moja. Na mchezaji mwenyewe, asiyelipwa chochote, atakuwa mwepesi wa kununuliwa. Chuo kitakachopokea fedha hizo kitakuwa kimemwuza mwanafunzi wake kwa bei ya bango.

Basi mpira wa vyuo uonyeshwe bure, uwe mali ya vyuo na ya wazazi, uwekwe mtandaoni pasipo kufuli, na mwenye kibanda wa Namasakata aruhusiwe kuufungua pasipo kuomba kibali kwa mtu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mahafali moja yenye mahema na viti vya kukodi.

Limebaki neno la wale wasemao kwamba mwanafunzi alikwenda chuoni kusoma, hakwenda kucheza wala kutazamwa. Neno hili nalisikia zaidi kwa watu ambao ofisini mwao mna televisheni. Mwanafunzi anatazama tayari. Anatazama usiku, peke yake, chini ya shuka, mchezo wa watu asiowajua, kwa lugha ya mtangazaji wa kigeni, kupitia njia za wizi zilizojaa matangazo ya kamari. Tunachobishania ni kama atautazama pia ule ambao yeye mwenyewe anaujua kwa majina, saa kumi jioni, pamoja na wenzake, huku mama yake akiutazama Namasakata saa ile ile.

Msimu ujao wa michezo ya vyuo vikuu una tarehe zake, na ratiba itabandikwa ubaoni kama kawaida. Kamera moja juu ya jukwaa la mbao yatosha kuanza. Simu moja ya kurushia picha yatosha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili ashike kipaza sauti, mwenzake wa uandishi wa habari ashike kamera, na orodha ya wachezaji iandikwe pamoja na wilaya watokazo, ili mtangazaji asikose kuzitaja. Mwenye kibanda aarifiwe siku tatu kabla, kusudi aandike ubao wake kwa chaki: chuo gani na chuo gani, saa ngapi, kiingilio kiasi gani.

Waliozoea kuwalaumu watazamaji nao nawaalika kibandani siku hiyo. Watalipa 500 kama watu wote.